Doti Moja

Mwanatumu amepiga simu kutoka Limuru
alfajiri, sijakuna hata nazi,
ananiambia jalidi imeshuka usiku
na nusu ya sukuma wiki yake imeungua:
majani meusi, dada, yamelegea
kama kitambaa cha kufutia masizi.

Nikamwambia, hata huku kipupwe kimeingia.
Akacheka mpaka simu ikakwaruza.
Baridi gani ya Shela? Hiyo ya kuvalia fulana?

Nikamwacha acheke.
Amesahau, miaka kumi na minane si michache,
kusi la mwezi wa saba linavyovuka vilima vya mchanga
na munyu kinywani
likaja kuutema juu ya miche yangu.
Asubuhi bilingani lina weupe mwembamba;
uguse, urambe kidole, utaijua bahari.
Siku ya pili ncha zinageuka kahawia.
Ya tatu jani linajikunja
kama kiganja cha mtoto aliyeficha tende.

Sina bustani ya kujivunia.
Madebe tisa ya mafuta, mtungi uliovunjika shingo,
karai la fundi Bwanaheri ambalo hajalidai,
na tuta moja la mchicha
pale maji ya udhu yanapopita yakienda zake.
Upande wa kusini nimesimamisha makuti.
Juu nimefunga chandarua cha zahanati, kina matundu.
Magharibi ikishaswaliwa, nafunika.
Kukipambazuka nafunua, nachota maji matamu kisimani,
nasuuza jani mojamoja
kama mtu anayemnawisha mgonjwa uso.

Ni mama aliyetuzoesha.
Ndooni, yeo pepo zina munyu!
Nasi tunatoka na magunia,
mimi nikishika ncha, Mwanatumu akiweka mawe
na kunung'unika.
Hakutueleza kitu, hakuwa mtu wa kueleza.
Aliupima upepo kwa shavu, basi.

Alipofariki tuligawana vilivyogawika.
Mwanatumu herini, mimi kinu.
Ikabaki ile doti ya zambarau, haijakatwa,
aliyokuwa akiiwekea siku ambayo haikufika.
Tulibishana hadi shangazi Mwanakheri akaomba mkasi:
kila mtu upande wake, na mnyamaze.
Maneno yale yale huku na huku:
NIACHENI NIPUMUE.
Hatukujua mama alikusudia kumwambia nani.

Wiki ya pili hii upande wangu unalala juu ya mabilingani,
maandishi chini, miche isome.
Punda wa kina Famau aliuvuta pembeni usiku mmoja
akatafuna herufi mbili za mwanzo.
Kwa hiyo yangu sasa inasema ACHENI NIPUMUE,
na maana haikuharibika.

Sikumwambia Mwanatumu. Niliona haya:
nguo ya mama, juu ya samadi ya mbuzi.
Nikamuuliza tu, zilizobaki
utazifunika na nini usiku wa leo?

Kimya.
Nikasikia kuku wake, birika likianza kulia.
Usikasirike, akasema.
Ile ya mama.
Huwa naitandaza kila jioni. Jana ndiyo niliyosahau,
mtoto alikuwa na homa,
ikalala kwenye kamba, na asubuhi nimeikuta
imekakamaa kama ubao.

Nilitazama nje. Yangu ilikuwa bado haijafunuliwa,
kona iliyotafunwa ikipigapiga debe.

Nikamwambia aweke mawe ncha zote nne.
Achomeke vijiti, nguo isigusane na majani.
Afunue jua likishapanda, si kabla,
wala asiache hadi adhuhuri.
Majani yaliyoungua asiyakate leo,
huenda moyo wa mche ungali mzima.

Najua, akasema. Najua, Bi Mkubwa,
na kwako wewe yule punda um